Kabla Hujaishusha Injini, Mjukuu Wangu

Mjukuu wangu, jana jioni nilikuwa barazani nikakusikia unatoka na kobe, gari letu la Volkswagen. Sikukuona, nilikusikia. Gari liliruka mara tatu pale langoni kama mbuzi anayevutwa kamba asikotaka kwenda, kuku wa bibi yako wakatawanyika, kisha likashika njia. Nilibaki na kikombe cha kahawa mkononi mpaka kikapoa. Nikasema moyoni, haya, imeanza.

Leo asubuhi naambiwa umeazima jeki kwa jirani, na kwamba Jumamosi wewe na wenzako mnaishusha injini mbadilishe klachi. Ndiyo sababu nimeshika kalamu. Nikikueleza kwa mdomo utaniitikia "ndiyo babu" huku macho yako yako kwenye simu. Nimeona nikuandikie, usome mwenyewe kwa wakati wako, na usome hadi chini.

Nakusihi, usiishushe injini Jumamosi hii.

Najua kazi yenyewe ni nyepesi, na huo wepesi ndio unaonitisha. Hizi Volkswagen za mgongo wa kobe injini yake iko nyuma, imeshikana na giaboksi kwa bolti nne tu, mbili juu na mbili chini. Haina rejeta, haina maji ya kumwaga. Fundi aliyeizoea huilaza chini kabla birika halijachemka. Basi kila kijana akisikia klachi inatetemeka, hukimbilia spana. Lakini kikohozi hakitibiwi kwa kung'oa mapafu, mwanangu.

Tena usije ukaniambia gari ni zee, ndiyo maana linatetemeka. Kobe wa namna hii walitengenezwa zaidi ya milioni 21, na wa mwisho alitoka kiwandani Puebla, Mexico, Julai 2003. Mwaka 1962 mmoja wao, dereva wake Tommy Fjastad, alishinda Safari Rally katika vumbi na tope la Kenya, Uganda na Tanganyika, akayaacha nyuma magari yenye injini kubwa kuliko yake. Gari la kufanya hivyo halikuumbwa kurukaruka langoni kwako. Aliyezeeka hapa ni mimi. Lenyewe lina ugonjwa, na ugonjwa una mahali pake.

Nitakusimulia nilivyoutafuta mimi, ili usipite nilikopita.

Gari hili nililinunua mkononi mwaka 1979. Ni la 1968, injini ya 1500, na lilikuwa bado linang'aa. Mwaka wa pili likaanza kutetemeka, kama hivi linavyokufanyia wewe. Gia ya kwanza linatetemeka, rivasi linatetemeka zaidi. Likishaanza kwenda linatulia kama halikuwa na neno. Nikalipeleka kwa fundi mmoja hapa Tanga. Hakulala chini, hakuangalia kitu. Alikaa kwenye kiti, akaachia klachi mara moja, akashuka akasema, "Klachi pleti imekwisha."

Wakati ule spea zilikuwa adimu kama mvua ya Januari. Mpaka wetu na Kenya ulikuwa umefungwa tangu 1977, na kilichotoka Mombasa kilipita njia za panya kwa bei ya panya wa dhahabu. Nikaipata klachi pleti ya kwanza kwa akiba yangu yote. Tukaifunga. Wiki mbili gari likawa zuri, halafu likarudia.

Fundi akasema ile ilikuwa mbovu, tutafute nyingine. Ya pili, mjukuu wangu, ilinunuliwa kwa cherehani ya bibi yako. Umekuwa ukijiuliza kwa nini bibi haketi kwenye gari hili bila kunung'unika. Sasa unajua. Cherehani ile ndiyo iliyokuwa inawavisha watoto wa mtaa mzima sikukuu ya Idi, nami nikaibeba kichwani kwenda kuiuza kwa sababu ya kitu ambacho hakikuwa kibovu.

Mwezi mmoja, likarudia. Nikafunga ya tatu.

Na hiyo ya tatu ndiyo tuliyopanda nayo Lushoto. Unaijua ile njia kutoka Mombo, kona juu ya kona, ukuta wa mlima upande mmoja na bonde upande mwingine. Mama yako alikuwa na miaka mitatu, amekaa mapajani mwa bibi yako mbele, mikanda enzi zile hakuna aliyeifikiria. Lori lililokuwa mbele yetu likasimama kwenye kona, nami nikasimama nyuma yake. Lilipoondoka nikaweka gia ya kwanza, nikaanza kuachia klachi, gari likatetemeka, likatetemeka tena, halafu nikasikia mlio mdogo chini ya miguu, kama uzi wa gitaa unaokatika. Pedali ikaanguka sakafuni na haikurudi.

Waya wa klachi ulikuwa umekatika. Gari likaruka mbele, usukani ukiwa umepinda kwa ajili ya kona, likazima. Niliposhuka nikakuta gurudumu la mbele limebakiza mkono mmoja kufika ukingoni.

Lile kovu la juu ya nyusi ya mama yako si la mpera. Tulikwambia alianguka mpera kwa kuwa mimi niliona aibu kusema ukweli. Ni la dashibodi ya gari hilo hilo unaloendesha.

Soma polepole hapo.

Tuliteremshwa hadi Mombo kwa kuvutwa. Pale kulikuwa na mzee mmoja, fundi wa zamani wa magari ya mashamba ya mkonge, hana gereji, ana mwembe na kisanduku cha spana. Nikamweleza habari za klachi pleti tatu. Hakucheka, ila alinitazama kwa muda. Akatandika gunia, akalala chini upande wa kushoto nyuma, akaingiza mkono. Akaniita nami nilale. Akaweka vidole viwili kwenye kitu ambacho sikuwahi hata kukitazama, akasema, "Hii imenyooka. Nani kainyoosha?"

Hiyo ndiyo siku niliyoanza kulijua gari langu, miaka miwili baada ya kulinunua. Sasa nataka ulijue wewe kabla ya Jumamosi.

Klachi ni sahani inayobanwa katikati ya vyuma viwili, flaiwili inayozunguka na injini na presha pleti iliyo nyuma yake. Ukikanyaga pedali, unavuta waya unaopita ndani ya ule mgongo wa katikati ya sakafu, kutoka miguuni mwako hadi nyuma. Waya unavuta mkono ulio ubavuni mwa giaboksi, beringi inasukuma, sahani inaachiwa. Ukiinua mguu taratibu, sahani nayo inabanwa taratibu, na gari linaondoka kama bibi harusi. Kutetemeka ni pale sahani inaposhika, ikaachia, ikashika, ikaachia, mara nyingi ndani ya pumzi moja. Swali lako ni nani anayeishikisha na kuiachisha. Ukimjua huyo, kazi imekwisha.

Katika kobe, mara nyingi huyo hayumo ndani ya klachi. Yuko nje, na anaonekana kwa macho.

Tazama pale waya unapotoka kwenye mgongo wa sakafu, karibu na giaboksi. Hauendi mtupu. Umevikwa ala, kama kisu. Ala ile mwisho wake mmoja uko kwenye bodi na mwisho wa pili umeshikwa na kibano kwenye giaboksi. Waliolitengeneza gari hawakutaka ala hiyo inyooke. Waliitaka iwe na tumbo, ilegee kwenda chini. Ukivuta uzi kutoka mwisho mmoja hadi mwingine, kutoka kwenye uzi hadi chini ya tumbo lile lazima upate kati ya milimita 25 na 45. Vidole vyako viwili vikiwa pamoja vinatosha kukupa picha, ila chukua rula, usitegemee vidole peke yake.

Kwa nini tumbo? Kwa sababu injini na giaboksi vimekalia raba, havikufungwa chuma kwa chuma. Gari linapoanza kwenda, vyote viwili hujisogeza kidogo. Ala ikiwa imenyooka, msogeo ule unamfikia waya moja kwa moja. Klachi inashika, giaboksi inajisogeza, waya unavutwa bila wewe kugusa kitu, klachi inaachia, giaboksi inarudi, klachi inashika tena. Wewe umekaa na mguu wako hapo juu unadhani ni wewe unayeendesha, kumbe gari linajikanyagia klachi lenyewe. Tumbo la ala linaumeza ule msogeo, na linamkaba waya kidogo asikimbie ovyo.

Yule mzee wa Mombo alifunga waya mpya, na kabla ya kurudisha ala akatia wosha mbili kati ya ala na kibano chake. Wosha mbili, mjukuu wangu! Aliziokota kwenye kopo la maziwa ya unga lenye misumari. Zilisukuma ala mbele ikapata tumbo, na gari likaondoka pale mwembeni bila hata kutikisa kikombe. Nilipomuuliza bei akasema nimlipe pesa ya waya, wosha hana bei yake. Nikaendesha mpaka Korogwe sisemi neno. Bibi yako naye hakusema neno, na kunyamaza kwake kulikuwa kuzito kuliko kusema.

Basi anzia hapo, nakuomba. Anza na rula, spana itafuata.

Ukiona ala imepata tumbo lake na gari bado linatetemeka, usiende mbali. Kamata waya wenyewe. Chakavu utaujua kwa nyuzi zilizochomoza kama sharubu za paka, na huo hautengenezwi, unatupwa. Kisha kanyaga pedali kwa mkono, si kwa mguu, maana mguu wako bado hauna masikio. Kabla haijaanza kuwa nzito inapaswa kucheza bure milimita 10 hadi 20, kama upana wa kidole. Isipocheza kabisa, beringi inasugua muda wote na sahani haibanwi sawasawa. Inaporekebishwa ni kule nyuma, kwenye ile nati yenye masikio mawili mwisho wa waya. Izungushe kidogo, nenda kapime, rudi. Usifanye kwa kukisia.

Halafu raba. Ziko mbele ya giaboksi na nyuma yake. Raba iliyonyonya oili miaka mingi inakuwa kama embe lililoiva kupita kiasi, ukiibonyeza kidole kinazama. Iliyokauka inapasuka mpaka unaona mwanga. Weka mtaimbo chini ya giaboksi, inyanyue kidogo tu. Ikipanda na kushuka kama mgonjwa kwenye machela, umempata mwizi wako. Na raba zikiwa zimekufa, hata ala ikiwa na tumbo zuri namna gani haitakusaidia, kwa sababu msogeo umezidi. Mimi nimeona mtu anabadilisha klachi mbili juu ya raba iliyokatika vipande viwili. Simcheki. Nilimshinda kwa moja.

Niseme na habari ya asubuhi. Sisi tunakaa karibu na bahari, hewa yetu ina chumvi na unyevu. Gari likilala wiki mbili bila kuendeshwa, flaiwili inapata kutu nyembamba, na siku ya kwanza litatetemeka kidogo kisha liache lenyewe baada ya kuondoka mara kadhaa. Hilo usilihangaikie. Likitetemeka likiwa baridi na likaacha, mwache mzee anyooshe viungo. Lenye kutisha ni linaloanza kutetemeka likishapata moto, kwa sababu hapo huenda mafuta yameingia, au chuma kimepinda kwa joto.

Mafuta nayo hayahitaji kushusha injini ili uyajue. Chini, pale injini inapokutana na giaboksi, pangusa kwa kitambaa cheupe kisha unuse. Oili ya giaboksi ni nzito na inanuka kiberiti, kama yai viza, hutakosea. Ikiwa ndiyo hiyo, sili ya shafti ya giaboksi imekufa. Ikiwa ni oili nyeusi isiyonuka hivyo, ni ya injini, na mara nyingi ni ile sili kubwa nyuma ya flaiwili. Wenzako watakuonyesha video kwenye simu, nami sizikatai, nimeziona ni nzuri. Ila video haina harufu.

Na sahani ikishanywa oili, usikubali mtu akuambie aioshe kwa petroli. Itakauka, itapendeza, mtafurahi. Siku utakayopanda kilima ikapata moto, mafuta yaliyokuwa yamejificha ndani yatatoka tena. Mafuta hayana haya, hurudi yalikofukuzwa. Wala asikumwagie petroli kwenye tundu injini ikiwa mahali pake, kama nilivyoona kijana mmoja akifanya barabarani. Nyusi zake ziliota tena baada ya miezi.

Sasa, umepima ala, umeangalia waya, umebonyeza raba, umenusa. Ukikuta mafuta, au vyote ni vizima na gari bado linaruka, basi hapo injini ishuke. Sikukatazi milele. Nakukataza kuanzia mwisho.

Lakini kwa siku hiyo nina maneno mazito zaidi, na haya sikuandikii kama babu mwenye kupenda kuonya. Nakuandikia kwa sababu nilikuwepo.

Nimekumbuka ile jeki ya jirani. Nimekumbuka pia yale matofali sita uliyoyapanga ukutani, nikajua ni ya nini. Yaondoe. Tofali hujenga nyumba, halibebi gari. Tofali halilalamiki kabla ya kupasuka, linakaa kimya mpaka linapasuka mara moja. Mwaka mmoja nikiwa bado kijana, gereji fulani, mwanafunzi wa ufundi wa miaka kumi na saba aliingia chini ya gari lililokalia matofali kuokota spana. Kuokota tu. Mama yake alikuwa anauza maandazi upande wa pili wa barabara, alisikia kishindo kabla yetu kuelewa kimetokea nini. Sitaandika zaidi.

Tafuta stendi za chuma. Hakuna stendi, hakuna kazi. Magurudumu ya mbele yawekewe kabari. Hata siku ya kupima ala kwa rula, nakuomba, mtu asiingize kichwa chini ya gari lililoshikwa na jeki peke yake. Nimekuomba, na kwa hili pia nakuamuru.

Injini yenyewe ina uzito wa kama kilo mia. Msijidanganye kwamba mko watatu. Ikitoka, itoke kwa kunyooka, kwa sababu ukiiachia ining'inie kwenye shafti ya giaboksi umeshapinda sahani mpya kabla hujaifunga, na kutetemeka kutarudi siku hiyo hiyo. Hapo ndipo watu huanza kusema gari lina jini.

Vumbi utakalolikuta ndani, lile jeusi kama masizi, usilipulize. Usilipulize kwa mdomo, usilipulize kwa kompresa. Klachi pleti za zamani zilitengenezwa kwa asbesto, na vumbi lake likiingia kifuani halitoki, baada ya miaka mingi linaleta saratani. Sisi tulikuwa tunalipulizia hewa na kucheka tukiwa weusi kama makaa. Lowesha kitambaa, pangusa, kitie kwenye mfuko, ufunge, utupe. Mimi nakohoa usiku, umeniuliza mara ngapi. Sijui ni kahawa, sijui ni yale. Sitaki na wewe usijue.

Tazama uso wa flaiwili. Ukiona madoa ya buluu au nyufa ndogo kama za tope lililokauka, ipeleke kwa mchonga vyuma, usiifungie sahani mpya juu ya uso mbovu. Ukiwa na uvujaji ule wa sili kubwa, flaiwili itabidi itoke, nayo imeshikwa na nati moja ya milimita 36 inayotaka kukazwa kwa nguvu ya Nm 300. Nguvu hiyo haipatikani kwa nyundo na matusi. Ikaze pungufu, na siku moja flaiwili italegea na kukukatia kichwa cha krenki. Nyuma yake kuna pete tatu nyembamba za chuma, tatu kamili, ambazo ndizo zinazopima krenki icheze kiasi gani. Ukizipoteza mchangani umejipa kazi nyingine usiyoiweza. Hapo muite fundi mtu mzima, si aibu. Aibu ni kumwita baadaye.

Presha pleti ina bolti sita. Zilegeze kidogo kidogo kwa kuvuka, hii na ya upande wa pili yake, na uzikaze hivyo hivyo. Kijana mwenye haraka humaliza moja ndipo aende nyingine, akaipinda presha pleti mpya aliyoitolea jasho. Halafu gari linatetemeka, halafu anasema wametuuzia feki.

Feki zipo, sikatai. Ila kuna jingine linalowakamata wengi. Mwanzoni mwa miaka ya 1970 Volkswagen walibadilisha namna beringi ya klachi inavyokaa na presha pleti inayofuatana nayo. Gari letu ni la 1968, la mtindo wa kwanza, ile yenye pete katikati. Nimesikia umeagiza spea mtandaoni. Zikifika, ziweke kando ya zile za zamani juu ya meza, uzilinganishe moja moja kabla hujafunga. Spea iliyokuja na ndege haijui gari lako limezaliwa lini. Na sahani ya injini yetu ni ya milimita 200, usipokee ya 180 kwa sababu ni rahisi.

Na mguu wako, mwanangu. Hata ukitengeneza yote, mguu ule utayaharibu. Nimekuona unavyopumzisha mguu juu ya pedali kama uko kwenye stuli ya bibi. Nimekuona kwenye kilima cha reli unalishikilia gari lisirudi nyuma kwa klachi, injini inalia, unaongea na simu. Kila sekunde unayofanya hivyo sahani inaungua. Vuta breki ya mkono. Iliwekwa hapo kwa ajili hiyo, na ndiyo iliyotuzuia Lushoto tusirudi nyuma tulipokuwa tunamtoa mama yako ndani akilia.

Sitaki ulione gari hili kama mzigo wa babu. Nimelitunza kuliko nilivyowatunza wajomba zako, wenyewe watakwambia. Ile miaka ya shida ya petroli, magari ya watu binafsi yalipokatazwa Jumapili mchana, nilikuwa nalifunua turubai nalipangusa kisha nalifunika tena. Nataka ulipande na watoto wako mpaka Lushoto, na njiani pale Soni msimamishe mnunue matunda damu, na likiondoka kwenye ile kona liondoke kimya.

Jumamosi saa moja asubuhi nitakuwa uani. Njoo na tochi, rula ya shule, na kitambaa cheupe. Stendi mbili nimeshamwomba rafiki yangu wa Ngamiani, analeta Ijumaa. Wosha ninazo kwenye kopo. Jeki mrudishie jirani leo hii kabla hajalala, na wenzako waambie waje kwa chai tu.